Kaye Imejaa Wino Mwekundu, Tufanye Nini?

Wadogo zangu, na nyinyi mama na papa mnaosoma kona hii mkijifanya mmeichukulia watoto, karibuni. Leo tunaongea Kiingereza cha kuandika. Swali linalonifikia zaidi siku hizi hapa Kalemie, kutoka Kataki na Lubuye mpaka kule bandarini, ni moja: mtoto anarudi kutoka masomo, anafungua kaye ya Kiingereza, na kila mstari umepitiwa na biki nyekundu. Mzazi anageuza kurasa, anaona alama zilivyo, na cha kusema hana. "Yaya, mimi Kiingereza sikukisoma hata kidogo. Nitamsaidia namna gani?"

Utamsaidia vizuri tu. Lakini kwanza tukubaliane jambo moja ambalo mwalimu hana nafasi ya kulisema, darasa likiwa limebanana mpaka mlangoni: kosa la kuandika lina kwao. Mtoto hakosei ovyo. Ukijua kosa limetoka wapi, utajua la kufanya. Usipojua, utamfanya aandike neno mara hamsini akiwa anasinzia, na wiki ijayo atalikosea palepale.

Fikirini mtoto wetu wa hapa. Nyumbani ni Kiswahili, na kwa wengine Kitabwa, Kiluba au Kibembe cha bibi. Darasani ni Kifaransa. Kiingereza kinakuja mwisho kabisa, kwa wengi wakiwa tayari sekondari, tena kwa saa chache za juma. Kinakuta nyumba ina wapangaji, na wapangaji hao hawahami kwa kuwa kuna mgeni. Makosa mengi mnayoyaona kwenye kaye ni Kifaransa na Kiswahili wakijibu swali ambalo Kiingereza ndicho kilichoulizwa.

Wapo wanaoniuliza Kiingereza cha nini, Kifaransa chenyewe bado. Waulizeni wanaoshusha mizigo inayovuka ziwa kutoka Kigoma: maandishi kwenye makasha ni Kiingereza. Waulizeni vijana wanaotafuta kazi kwenye mashirika ya misaada hapa mjini, watawaambia matangazo mengine yanaandikwa kwa lugha gani. Na tangu Julai 2022 Kongo yetu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza kilianza kutumika maofisini zamani sana kabla hatujaingia. Tusirudi tena huko, tuingie kwenye kaye.

Chukueni barua fupi, ya aina anayoweza kuandika mtoto wa miaka kumi na mitatu wa hapa:

"Dear uncle, my adresse is in Kalemie. I have tree brothers. On saturday we eat lice and fish. My sister is very beutiful. I want to be a docteur. My best freind is in Kigoma."

Mwenye haraka atasema makosa saba, apate chini ya tano kwa kumi, funga kaye. Mimi nasema humo ndani mna watu watatu tofauti. "Adresse", "docteur" na "saturday" kwa herufi ndogo: hao wametoka Kifaransa. "Tree" badala ya "three", na "lice" badala ya "rice": hayo yametoka sikioni. "Beutiful" na "freind" ni Kiingereza chenyewe na vituko vyake. Kila kundi lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na Kifaransa, maana ndicho kinachoonekana mkosaji mkubwa, na mimi nakitetea. Mwaka 1066 Wanormani waliivamia Uingereza, na kwa miaka mingi baada ya hapo lugha ya wakubwa na ya mahakama huko ilikuwa Kifaransa. Maneno yakaingia Kiingereza kwa maelfu, na yapo mpaka leo. Kwa hiyo mtoto anayejua Kifaransa cha darasani ana utajiri wa maneno ya Kiingereza hata kabla ya somo la kwanza. Kazi ni kumwonyesha nguo zilivyobadilishwa. "Octobre, lettre, ministre" zinageuka "October, letter, minister". "Docteur, professeur, moteur" zinakuwa "doctor, professor, motor". "Musique" na "publique" zinapoteza mkia na kubaki "music" na "public". "Qualité" inakuwa "quality". Mpe mtoto milango hiyo minne na umwache atafute mwenyewe maneno mengine yanayopita humo. Atayapata, na atafurahi kuliko alivyofurahi tangu aanze somo hilo.

Herufi zinazorudiwa ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu lugha hizi mbili zimegombana juu yake. Kifaransa kinaandika "adresse" kwa d moja, Kiingereza "address" kwa mbili. "Mariage" r moja, "marriage" mbili. "Trafic" na "traffic" vivyo hivyo. Kisha ugomvi unageuka: "appartement" ina p mbili na "apartment" moja, "ennemi" ina n mbili na "enemy" moja, "développement" p mbili na "development" moja. Hapa hakuna kanuni ya kumpa mtoto, msimdanganye. Aandike maneno mawili kwa jozi, Kifaransa kushoto, Kiingereza kulia, na azungushie duara sehemu yanapoachana tu. Jicho likishajua mahali pa kutazama, halizururi tena. Vivyo hivyo "exemple" na "example", "exercice" na "exercise", "responsable" na "responsible": herufi moja tu imehama.

Na zile herufi kubwa! Kifaransa kinaandika siku, miezi na lugha kwa herufi ndogo. Kiingereza kinataka "Saturday", "July", "English", na hata "I" ya mtu mmoja anayejisema isimame wima. Kosa hili halihitaji akili yoyote, linahitaji ukumbusho wa dakika moja kabla ya kukabidhi kazi. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kulisimamia kuanzia leo jioni: "Nionyeshe siku. Nionyeshe miezi. Ziko kubwa?"

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike kona ya leo. Kuna karatasi zinazozunguka, zimetolewa kwenye intaneti na kupigwa fotokopi, za "maneno mia yanayokosewa sana". Mzazi anatoa franga zake, anamletea mtoto. Karatasi hizo nyingi zimetungwa kwa ajili ya mtoto wa London au wa Chicago. Humo utakuta "necessary", "separate", "definitely", "embarrass", "occasion", "grammar". Yule mtoto wa London anateswa nayo kweli, kwa sababu anaandika anavyosikia. Lakini mtoto wetu ameshaandika "nécessaire" mara ngapi darasani? C moja, s mbili, sawasawa na "necessary". "Séparer" inamwambia kwamba "separate" ina a katikati, mahali ambapo Waingereza wengi wanatia e. "Définitif" inampa zile i. "Embarrasser" ina r mbili na s mbili, kama mwenzake. "Grammaire" inamwonyesha a ya "grammar". Kwenye karatasi hiyo mtoto wa Kalemie anaanza mbele ya mwenye lugha, na hakuna aliyemwambia! Maneno yanayomwangusha yeye, akina "address" na "Saturday", pengine hayamo, au yamo nambari ya tisini.

Kwa hiyo orodha ya mtoto wako iko ndani ya kaye yake, wala si kwenye karatasi ya kununua. Mtengenezee kikaye kidogo, hata karatasi nne zilizoshonwa uzi katikati. Kila kazi ikirudi, achague maneno matano tu kati ya aliyoyakosea, ayaandike humo yakiwa sahihi. Matano yanatosha. Mtoto akipewa ishirini atabeba ishirini na kudondosha yote.

Nimesema yakiwa sahihi, na hapo nasisitiza. Ule mchezo wa kumwekea mtoto maneno mabovu ili ayatambue siupendi kwa anayeanza. Mwaka 1990 watafiti Larry Jacoby na Ann Hollingshead walichapisha utafiti walioufanya kwa watu wazima: kusoma maneno yaliyoandikwa vibaya kuliwafanya wayakosee zaidi baadaye wao wenyewe. Jicho linazoea. Kama neno bovu lilimchanganya mtu mzima aliyekwisha kusoma, huyu wetu anayekutana nalo kwa mara ya kwanza atajuaje lipi ni lipi? Mchezo wa kusaka makosa uwe juu ya kazi yake mwenyewe, akishafundishwa neno, na usiishe kabla hajaandika lililo sahihi.

Kundi la pili, la sikio. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake, basi. Kiingereza kina herufi zilezile tano na sauti nyingi mno. Kwa hiyo "ship" na "sheep" kwetu vinalia sawa, "live" na "leave" sawa, "hat" na "hut" sawa. Ile "th" nayo tunaipisha: "three" inakuwa "tree", na huyo mtoto wa barua ana miti badala ya kaka. Wenye bibi ambaye lugha yake haitenganishi l na r wanajua habari ya kalamu na karamu. Kiingereza kinawapata hapohapo. "We eat rice" ni wali. "We eat lice" ni chawa.

Makosa haya ni ya hatari kwa sababu simu haiyaoni. "Tree" ni neno zima, "lice" ni neno zima, mashine inapita kimya. Kumwambia mtoto "sikiliza vizuri" hakusaidii, kwani sauti mwenyewe hazitofautishi bado. Achore. Upande mmoja sufuria la wali na chini yake "rice", upande wa pili kichwa kinachokunwa na chini yake "lice". Kondoo na meli. Kofia na kibanda. Watoto wanaochora hawalalamiki kwamba wanasoma, na picha ya chawa wataitia madoido ambayo hamkuomba. Akishaandika sentensi, ajiulize: nimesema tunakula nini?

Tumefika kwa vituko vya Kiingereza chenyewe. Hapa lazima nimtetee mtoto kwa nguvu zote, maana hakuna haki. William Caxton alipofungua kiwanda chake cha kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, Waingereza walikuwa bado wanaitamka k ya "knife". Maandishi yakaganda kwenye vitabu, ndimi zikaendelea na safari, k ikabaki pale bila kazi. Mtoto wetu anajua kisu cha kukunja kwa Kifaransa kinaitwa "canif": ni ndugu wa neno hilohilo, na huyo bado anaitamka k yake. Mwambieni hivyo, hatasahau. Ile b ya "debt" na "doubt" ni majivuno ya wasomi waliotaka maneno hayo yafanane na Kilatini. Kifaransa kina "dette" na "doute" bila b yoyote, kwa hiyo mtoto akiandika "dout" msimwite mjinga. Ameandika karibu na walivyoandika wazee wa Waingereza. Na s ya "island" iliingia kwa kosa tu, watu walidhani inatakiwa. Wakubwa walikosea na kosa lao likawa sheria.

Dawa ya kundi hili tunayo wenyewe. Mtoto anayesoma Kiswahili anatamka kila herufi anayoiona. Basi neno gumu la Kiingereza alisome kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa kichekesho: be-a-u-ti-fu-l. We-dne-sda-y. Be-ka-u-se, na hapo akumbuke kwamba k hiyo inaandikwa c. Pe-o-ple. Fri-e-nd. Bu-si-ne-ss. Nyumba nzima itacheka, na neno litakuwa limekaa. Kuna matamshi mawili sasa, moja la kusema mbele ya watu na jingine la kuandikia, la siri ya nyumbani. Mtoto aliyezoea "fri-e-nd" hawezi kuandika "freind" tena, mdomo wake utakataa.

Sasa zamu ya mama asiyejua Kiingereza. Kaa na kikaye mkononi, kile chenye maneno sahihi. Mtoto asimame mbele yako bila kuona. Usijaribu kulitamka neno, mpe maana yake: "Anwani." Yeye aseme neno, kisha ataje herufi moja moja, nawe ufuate kwa kidole. A, d, d, r, e, s, s. Herufi zikipatana na kidole chako, nenda neno linalofuata. Zisipopatana, usiseme "umekosea." Sema "rudia kuanzia herufi ya tatu." Atajisahihisha yeye, na kilichosahihishwa na mwenyewe kinadumu. Akimaliza aandike, kwa sababu kutaja na kuandika ni vitu viwili. Umeme ukiwa umekatika na biki zimekwisha, wa mwambaoni wana mchanga wa ziwa: aandike kwa kidole, wimbi lifute, aandike tena. Robo saa, mara tatu nne kwa juma, inashinda masaa mawili ya Jumapili jioni na machozi.

Na kabla ya kupeleka kazi kwa mwalimu, mfundisheni kusoma kinyumenyume: aanze na neno la mwisho, arudi mpaka la kwanza, akifunika mengine kwa mkono. Tukisoma mbele tunafuata maana, na kichwa kinaturekebishia maneno bila jicho kuona. Ukirudi nyuma maana inavunjika na kila neno linasimama peke yake. Kwa "tree" na "lice" mbinu hii haifai kitu, hayo asome mbele na aulize maana. Kwa "beutiful" ni kiboko. Wewe unayejua Kiingereza kidogo, usimwonyeshe kosa lenyewe. Weka nukta pembeni mwa mstari: humu mna moja, litafute.

Simu nayo nimeulizwa. Angalieni lugha ya kibodi. Simu nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo mtoto akiandika "address" vizuri, simu inamgeuzia "adresse" na yeye anaiamini kuliko mwalimu. Ingieni kwenye mipangilio, ongezeni Kiingereza, na zimeni ile ya kusahihisha yenyewe. Ibaki ya kupiga mstari mwekundu tu. Kutafuta jibu iwe kazi ya mtoto.

Kuhusu "colour" na "color", msigombane na mwalimu. Ya kwanza ni ya Uingereza na ndiyo inayofundishwa kwa majirani zetu Tanzania. Ya pili ni ya Marekani, Noah Webster aliitia kwenye kamusi yake ya 1828. Zote ni sahihi. Mtoto achague moja na asichanganye ndani ya kazi moja.

Mama mmoja aliniletea shida ya upande wa pili. Kijana wake amepata nguvu, sasa anasahihisha dunia. Anapita sokoni anasoma mabango kwa sauti, la kinyozi, la simu, la vipodozi, na kila penye kosa anasimama na kutangaza. Mama anaona haya, wenye maduka wanamkunjia uso. Usimzime, mama. Kusoma mabango ni mazoezi mazuri na hayana bei. Mpe masharti tu: akiona kosa, aliandike kwenye kikaye chake, neno sahihi pamoja na jina la duka. Akiona mwenye duka ni mtu wa kuongea naye, asubiri wateja waondoke, asalimie kwanza, kisha aulize kama kijana anayeomba kujua: "Papa, hili neno si lina r moja?" Wengine watamfukuza. Mwingine anaweza kumwambia alete rangi aandike upya, na hapo wewe mama uwepo, mpatane bei kabla brashi haijaingia kwenye kopo.